Je, Wajua? Lita moja ya mafuta yaweza kutanda hekta nzima ya bahari

Pwani ya Malindi na Kilifi haina visima vya baharini vinavyozalisha mafuta, ingawa utafutaji umefanyika katika maji ya Kenya: mwaka 2012 kisima cha Mbawa-1 kilipata gesi. Lakini meli za mafuta hupita kila siku, na mafuta yakimwagika hayajui mpaka.

Mafuta ghafi mengi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huelea na kutawanyika upesi. Yakibaki utando mwembamba kabisa huonekana kama fedha; yakizidi kidogo hutoa rangi za upinde wa mvua; meusi ndiyo mazito, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Jua letu hugeuza sehemu nyepesi kuwa mvuke ndani ya siku chache. Yanayobaki huchanganywa na mawimbi, yakanywa maji, yakawa uji wa kahawia wenye ujazo mara tatu au zaidi ya mafuta ya awali.

Mkondo huyabeba, na upepo huyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake. Kusi ikivuma kilomita 30 kwa saa, utando husogea zaidi ya kilomita 20 kwa siku kwa nguvu ya upepo pekee, tena kuelekea nchi kavu: matumbawe ya Watamu, mikoko ya Mida. Karibu na mlango wa Mto Sabaki, tope hushikana na mafuta na kuyazamisha.

Ukikuta ufuoni madonge ya lami, yaani mabaki ya mafuta hayo, usiyashike kwa mikono mitupu. Wapashe habari viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) mara moja.