Kadi ya Njano: Chanjo Itangulie Safari kwa Siku Kumi

Biashara, masomo na undugu huwavusha wananchi mipaka ya nchi kila mwaka. Wapo madereva na utingo wa malori wanaopita Tunduma na kukatiza Zambia hadi Lubumbashi, wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie, na familia zinazopitia Mutukula kwenda kuwaona jamaa nchini Uganda. Baadhi yao hukumbuka chanjo wakati mizigo imekwisha kufungwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kuchelewa huko ni hatari, na nini cha kufanya mapema.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya manjano huenezwa na mbu aliyebeba virusi. Dalili huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa: homa, maumivu ya kichwa na mgongo, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupona. Wachache huingia katika hatua ya pili, ambapo macho na ngozi hugeuka manjano na damu huweza kutoka mdomoni, puani au tumboni. Kati ya wanaofikia hatua hiyo, takribani nusu hufariki dunia ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Mgonjwa husaidiwa tu kuhimili hali yake. Kwa sababu hiyo chanjo ndiyo ngao kuu.

Ugonjwa huu si homa ya ini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto hupewa kliniki ndani ya chanjo ya penta, haimkingi mtu dhidi ya homa ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini, hivyo msafiri asidhani kuwa alikwisha kuipata utotoni.

Kwa nini siku kumi

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili huhitaji muda kujijengea kinga. Ndani ya siku 10, watu 80 hadi 100 kati ya kila 100 waliochanjwa huwa wamekingwa. Kwa sababu hiyo, kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kadi kuanzia siku ya 10 baada ya chanjo: aliyechanjwa tarehe 1, kadi yake itaanza kutumika tarehe 11. Anayechanjwa leo na kuvuka mpaka kesho atakuwa na kadi mkononi, lakini mwili wake bado hauna kinga.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huitaka kadi hiyo kwa kila msafiri mwenye umri wa miezi 9 au zaidi. Uganda nayo huidai, na Tanzania huidai kwa wanaoingia kutoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Kadi iliyo halali

Dozi moja hukinga maisha yote. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kadi zote za chanjo hii, zikiwamo za zamani zilizoandikwa miaka 10, hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye kadi. Aliyeitunza kadi yake hahitaji kulipia chanjo nyingine.

Kabla ya kuondoka kituoni, msafiri ahakikishe kuwa jina linafanana na lile la pasipoti, tarehe na namba ya toleo la chanjo zimeandikwa, na mhuri wa kituo pamoja na saini ya mtaalamu vipo. Mhuri peke yake hauchukui nafasi ya saini, na kadi iliyofutwafutwa huweza kukataliwa.

Kadi ya kununua mitaani ni kosa kisheria. Na hata ikimvusha mtu mpakani, haitamzuia mbu kumwambukiza.

Wanaohitaji ushauri kwanza

Watoto walio chini ya miezi 9, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wenye mzio mkali wa mayai na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua waonane na daktari kabla ya kuchanjwa. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa barua ya kitabibu, ingawa nchi aendako ndiyo huamua kuikubali.

Kadi haitoshi

Chanjo hii haizuii malaria wala kipindupindu. Mbu wa homa ya manjano huuma zaidi mchana, na wa malaria usiku. Hivyo nguo za mikono mirefu na dawa ya kujipaka zinahitajika mchana, na chandarua chenye dawa usiku. Wanaotoka maeneo ya baridi yenye malaria kidogo wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa miili yao haijauzoea ugonjwa huo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya kutakasa, chakula kiliwe kingali cha moto, na mikono ioshwe kwa sabuni. Penye taarifa ya ebola, msafiri asimguse mgonjwa wala maiti.

Baada ya kurejea

Anayepata homa baada ya safari asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Aende zahanati mara moja, apimwe malaria, na amweleze mtaalamu nchi alikotoka na tarehe aliyorudi. Maelezo hayo humwezesha mtaalamu kufikiria magonjwa ambayo hayapo hapa, na huwalinda jamaa na majirani wa mgonjwa.

Chanjo hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa na Wizara ya Afya pekee. Mwananchi anayepanga safari anashauriwa kufika katika zahanati ya karibu au Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ili aelekezwe kituo husika na gharama zake. Ni vema afanye hivyo wiki nne kabla ya safari, na kwa vyovyote zisipungue siku 10.