MTOTO ASIYESHIBA SI MWIZI

Methali yasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ni kweli, lakini tusiitumie kumhukumu kila mzazi. Wapo watoto wachache wanaokula, wakaiba chakula, wakala tena, na sababu si malezi mabaya wala si kurogwa. Ni ugonjwa waliozaliwa nao.

Ugonjwa huo huitwa Prader-Willi, kwa majina ya madaktari wawili kati ya watatu wa Uswisi walioueleza mwaka 1956. Humpata mtoto mmoja hivi kati ya 15,000 hadi 20,000. Chanzo chake ni hitilafu katika kromosomu ya 15: sehemu inayopaswa kutoka kwa baba haipo au haifanyi kazi. Mara nyingi hutokea kwa bahati tu, bila kosa la baba wala la mama.

Mtoto huzaliwa mlegevu, hana nguvu ya kunyonya. Baadaye, kwa kawaida kabla ya miaka minane, njaa huanza nayo haikomi. Hunenepa, hubaki mfupi na huwa mzito wa kujifunza.

Kwa nini hashibi? Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, inayopokea habari za tumbo na kutuambia, "Basi, imetosha." Kwa mtoto huyu kazi hiyo imeharibika. Damu yake pia huwa na grelini nyingi, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Tena, uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa katika ubongo wa wagonjwa chembe zinazotengeneza oksitosini ni chache. Homoni hiyo husaidia kushiba na kutuliza moyo. Huenda ndiyo maana njaa yake huandamana na wasiwasi: huuliza jambo lilelile mara kumi, hujichuna ngozi, hupandwa na hasira ratiba ikibadilika.

Dawa ya kuuponya haipo. Machi 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kupunguza njaa hiyo, lakini ulinzi mkubwa ni nyumbani. Hapa Rutamba jiko liko uani, makopa yameanikwa, maembe yameanguka chini. Basi tufanye hivi:

1. Chakula kifungiwe.
2. Saa za kula zisibadilike, naye aambiwe mapema atakula nini na lini.
3. Majirani wasimpe kitu kwa huruma. Akila kupita kiasi aweza kupaliwa, hata tumbo kupasuka.
4. Asipigwe. Fimbo haitibu ubongo.

Angalieni pia: mtoto anayekula sana huku akikonda, akinywa maji mengi na kukojoa kila mara, huenda ana kisukari. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na mchanga mlegevu asiyeweza kunyonya asingojeshwe nyumbani.

Tukimkuta mtoto wa jirani jikoni mwetu ameshika muhogo, tusipige kelele za mwizi. Kwanza tumwulize mama yake: alipozaliwa, alinyonya vizuri?