Sarafu zilipofurika, mashine ikakwama

Kijana wa Nyamasaria, Kisumu, anayemlipa mwenye kibanda ili acheze kandanda kwenye runinga, anafuata desturi iliyoanza Marekani mwaka 1971. Septemba mwaka huo, Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka mchezo wa vyombo vya angani katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kila mchezo ulilipiwa senti 10, ilhali kompyuta yenyewe iligharimu maelfu ya dola.

Mwaka huohuo, Nolan Bushnell na Ted Dabney walitoa Computer Space, mchezo usiohitaji kompyuta ghali. Hata hivyo, wachezaji wengi waliuona mgumu kuuelewa.

Mnamo 1972 wawili hao walianzisha kampuni ya Atari, na mhandisi wao, Al Alcorn, akaunda Pong, mfano wa tenisi ya meza. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa mjini Sunnyvale, California. Haikukaa sana, ikakwama. Alcorn alipoifungua, loo! Kisanduku kilikuwa kimefurika sarafu.

Je, mzazi, siri ilikuwa nini? Mchezo ulikuwa rahisi kuuanza, mgumu kuuacha. Aliyeshindwa alitaka kurudia.

Lakini sarafu ya Pong ilinunua mchezo tu. Mashine za kamari zilizoenea Kenya miaka ya 2010, hata serikali ikaziteketeza nyingi, zilimeza sarafu za shilingi 20 kwa ahadi ya kurudisha zaidi. Machoni pa mtoto, mashine hizo zafanana. Mweleze tofauti yake mapema, kabla nauli ya shule haijatumbukizwa humo.