Mrija wa Presha ya Macho: Kovu Ndilo Huamua

Presha ya macho, au glakoma, huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Matone yakishindwa kushusha presha, au njia ya maji iliyofunguliwa kwa upasuaji wa awali ikiziba, daktari anaweza kupandikiza mrija wa kutoa maji jichoni. Wagonjwa wengi wakishatoka chumba cha upasuaji huona kazi imekwisha. Kumbe hatima ya jicho hutegemea sana majuma na miezi inayofuata.

Kifaa chenyewe ni kidogo: mrija wa silikoni usiofika unene wa milimita 1. Ncha moja huingia sehemu ya mbele ya jicho. Nyingine imeungana na kisahani kinachoshonwa juu ya weupe wa jicho, chini ya utando laini, pale panapofichwa na kope. Wazo hili lilielezwa mwaka 1969 na Anthony Molteno, daktari wa Afrika Kusini. Maji hupita mrijani, hukusanyika kuzunguka kisahani, kisha hunyonywa na mwili. Lakini mwili hukiona kisahani ni kitu kigeni, nao hukizungushia kovu. Kovu likiwa jembamba, huchuja maji kwa kiasi. Lisipokuwepo, maji hutoka kupita kiasi. Likinenepa, maji hukosa pa kwenda.

Ndiyo maana siku za mwanzo, kovu likiwa bado halijajengeka, kinachohofiwa zaidi ni presha kushuka mno. Jicho hunywea, na mara chache damu huvuja ghafla kwa ndani, kwa maumivu makali. Kifaa cha aina ya Baerveldt hakina vali, yaani kilango cha kudhibiti maji, hivyo daktari huufunga mrija kwa uzi unaoyeyuka baada ya majuma kadhaa, ili kovu litangulie kujengeka. Kifaa cha aina ya Ahmed kina vali na huanza kazi siku hiyohiyo. Ila baada ya mwezi hivi presha mara nyingi hupanda tena kovu linapokaza. Hapo mgonjwa hukata tamaa kabla ya wakati. Kwa wengi hicho ni kipindi cha mpito, na matone yakirudishwa mapema husaidia kukivuka.

Tafiti mbili kubwa zilizounganishwa zilifuatilia wagonjwa 514 kwa miaka 5. Kati ya waliowekewa Ahmed, asilimia 49 walihesabiwa kuwa upasuaji wao umeshindwa. Wa Baerveldt, asilimia 37. Kisahani kikubwa cha Baerveldt hushusha presha zaidi, lakini nguvu hiyo ina gharama: presha kushuka kupita kiasi ilifanya upasuaji ushindwe kwa asilimia 4.5 upande wa Baerveldt, na asilimia 0.4 tu upande wa Ahmed. Hakuna kifaa kisicho na hatari. Daktari huchagua hatari ambayo jicho lako linaweza kuihimili.

Matatizo mengine hujitokeza baada ya miaka. Mrija ukigusa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kioo hicho kinaweza kuvimba na kuingia ukungu. Utando unaoufunika mrija ukilika, mrija hubaki wazi na vijidudu hupata njia ya kuingia ndani. Jicho linaweza kupotea kwa siku chache, hata kama presha ilikuwa nzuri kabisa.

Tatizo kutokea si sawa na upasuaji kushindwa. Mengi ya mwanzoni hupoa yenyewe, au hurekebishwa yakiwahiwa. Kinachoniuma ni jicho linalopofuka kwa sababu mgonjwa alikosa nauli ya kurudi kliniki, au aliacha matone akidhani amepona. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, muulize daktari: nitarudi mara ngapi, matone gani nisiyaache, na usiku nikipata shida niende wapi? Nauli za kurudi zihesabiwe na familia pamoja na gharama ya upasuaji. Na jicho likiuma, likiwa jekundu, likitoa usaha au likififia ghafla, usisubiri tarehe ya kadi. Nenda siku hiyohiyo.