Choo, Kisima na Kijiko cha ORS

Masika yakipamba moto, kuna wenye nyumba Kiwalani, Dar es Salaam, wanaongoja giza ili watapishe vyoo. Shimo limejaa, gari la majitaka halipenyi uchochoroni, basi kinyesi kinafunguliwa kifuate maji ya mvua. Mtaa wa bondeni una kisima kifupi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo Agosti 2015, kisha ukasambaa karibu nchi nzima, ulipata nguvu katika mazingira ya namna hiyo.

Mazingira hayo hunikumbusha Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliyeorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya binadamu: kupumua, kula na kunywa, kutoa taka mwilini, kulala, hadi kuabudu na kucheza. Kazi ya muuguzi, alisema, ni kumsaidia mtu kwa yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi. Mimi naipenda orodha hiyo kuliko maana ya afya ya Shirika la Afya Duniani ya 1948, inayodai ustawi kamili wa mwili, akili na jamii. Kwa kipimo hicho, nani Kiwalani ni mzima?

Kipindupindu huvuruga mahitaji mawili ya Henderson kwa mpigo: kunywa na kutoa taka mwilini. Sumu ya bakteria hulazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Ila njia moja hubaki salama, ile inayoingiza sukari na chumvi kwa pamoja. ORS, mchanganyiko wa sukari na chumvi unaoyeyushwa majini, hupitia hapo, nayo huvuta maji yarudi mwilini. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa mchanganyiko wa aina hiyo wakimbizi wa vita vya Bangladesh, na vifo kambini vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Wengi walinyweshwa na ndugu zao.

Ndivyo inavyokuwa zahanati. Muuguzi anafinya ngozi ya tumbo la mtoto aone kama inachelewa kurudi, anauliza amekojoa lini. “Mama, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Mpe kijiko kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea.”

Halafu anauliza choo kinatumiwa na wapangaji wangapi, na kimejaa tangu lini. Jibu hilo ni la kumfikishia bwana afya, maana ORS ipo kwenye dirisha la dawa, lakini uondoaji wa majitaka lazima mwenye nyumba aulipie.