Fahamu: Kimelea cha malaria hula nini ndani ya damu?

Kutoka Rubwera, mkoani Kagera nchini Tanzania, hadi Rwanda si mbali: ni kuvuka Mto Kagera tu. Huko ndiko mwaka 2020 wanasayansi walikoripoti R561H, badiliko katika jeni ya K13 ya kimelea cha malaria, linalokifanya kichelewe kufa mgonjwa anapomeza dawa mseto. Baadaye lilionekana Karagwe, upande wa Tanzania, na watafiti wakathibitisha kuwa huko pia baadhi ya vimelea vinachelewa kutoweka.

Siri ya kuchelewa huko iko kwenye mlo wa kimelea, lakini tuanze na sukari. Ndani ya chembe nyekundu ya damu, kimelea huishi kwa kuvunja sukari kwa njia ya haraka lakini yenye hasara: glukosi nyingi huteketea, nguvu inayopatikana ni kidogo, na asidi ya laktiki hubaki. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria kali huweza kuishiwa sukari, akapata degedege au kuzimia, na akahema kwa nguvu kwa sababu asidi imezidi kwenye damu. Huyo hakimbizwi hospitalini kesho asubuhi. Ni sasa hivi.

Kimelea hula pia himoglobini. Mlo huo huachia chuma, nacho ndicho kinachoiamsha artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto. Maabara zimeonyesha kuwa vimelea vyenye K13 iliyobadilika hula himoglobini kidogo vikiwa vichanga, hivyo dawa haiamki vya kutosha.

Hata hivyo ALu, mojawapo ya dawa mseto hizo, bado inaponya wagonjwa walio wengi, kwa kuwa lumefantrini, dawa ya pili ndani ya kidonge hichohicho, humalizia vimelea vilivyobaki, mradi dozi ya siku 3 imezwe yote.