Giaboksi Imara kwa Pikapu Iliyoongezwa Nguvu

Giaboksi ya otomatiki ya pikapu huundwa kwa kipimo cha injini iliyotoka nayo kiwandani. Mwenye gari akifunga tabo kubwa, akibadilisha programu ya kompyuta ya injini au akiweka injini nyingine kabisa, kipimo hicho huzidiwa. Dalili huonekana kwenye oili. Fundi huchomoa kijiti, akakuta oili iliyokuwa nyekundu imegeuka kahawia na inanuka kuungua; maana yake klachi za ndani zinateleza. Nchini Marekani udhaifu huo umezaa biashara nzima ya karakana zinazofumua giaboksi na kuzisuka upya, watengenezaji wa spea imara, na yadi za magari chakavu.

Kwa pikapu za petroli za General Motors, uchaguzi huanzia kwenye jina la giaboksi. Katika 4L60E, 4 ni idadi ya gia, L huonyesha kuwa injini imelala kwa urefu wa gari, 60 ni daraja la uimara, na E ni udhibiti wa kielektroniki. Asili yake ni 700R4 ya mwaka 1982. Ndugu yake mkubwa, 4L80E, aliingia sokoni mwaka 1991 akiwa mrithi wa Turbo-Hydramatic 400 ya mwaka 1964. Hiyo ya zamani haihitaji kompyuta na bado inapendwa, lakini ina gia tatu tu, hivyo injini hulia sana katika safari ndefu.

Uimara una gharama yake. Gia ya kwanza ya 4L60E ina uwiano wa 3.06 kwa 1, ilhali ya 4L80E ni 2.48. Gari lililobadilishiwa giaboksi kubwa linaweza kuwa zito kuondoka, hadi uwiano wa difu nao ubadilishwe.

Upande wa dizeli, pikapu za Dodge zenye injini ya Cummins zilitumia 47RE, kisha 48RE kuanzia 2003, zote za gia nne. Ford ilileta 5R110W ya gia tano mwaka huohuo. Chevrolet na GMC zilipata Allison 1000 mwaka 2001, kutoka kampuni iliyojijengea jina katika malori na mabasi. Ilianza na gia tano, na mwaka 2006 ikafika sita.

Giaboksi haifanyi kazi peke yake. Kati yake na injini kuna konveta, inayopeleka nguvu kwa msukumo wa oili. Ikiruhusu injini izunguke sana kabla ya gari kusogea, huifaa pikapu ya mashindano, lakini kwenye gari la kuvuta trela huzalisha joto jingi. Joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi, kwa hiyo kipoza oili kikubwa na geji ya joto ni lazima.

Mnunuzi ana njia tatu. Iliyotumika ni rahisi kwa bei, ila historia yake haijulikani. Ya zamani iliyosukwa upya kwa klachi na shafti imara hutegemea mkono wa fundi. Iliyokamilika yenye dhamana ni ghali zaidi, na dhamana yake isomwe vizuri: nyingine hubatilika gari likiingizwa kwenye mashindano.

Bei ya giaboksi yenyewe si bei ya kazi yote. Kuondoa 4L60E na kufunga 4L80E, ambayo ni ndefu na nzito zaidi, humaanisha kukata propela, kuhamisha mhimili unaoshikilia giaboksi na kupata kompyuta inayolingana nayo. Mnunuzi mwangalifu huanza kwa uzito wa mzigo na nguvu halisi ya injini, akajumlisha gharama hizo zote, ndipo akachagua giaboksi.